Anatoka wapi, anakwenda wapi

Mkuu wa mapigano wa al-Qaeda alifia kwenye ziwa letu. Vijana nikiwaambia wanadhani ni stori za kijiweni, lakini ni jambo lililosemwa mahakamani kwa kiapo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa njiani kuja Mwanza, ndani yake alikuwemo Mmisri aliyeitwa Abu Ubaidah al-Banshiri, mkono wa kuume wa Osama bin Laden. Alikuwa akiishi huku kwetu Afrika Mashariki kwa majina mengine, ameoa huku, na siku hiyo alisafiri na shemeji yake. Shemeji alipona. Mwaka 2001 akatoa ushahidi New York, kwenye kesi ya mabomu ya balozi za Marekani, akaeleza alivyomwona akizama.

Wakati ule wa ajali wenzake wa al-Qaeda hawakuamini kwamba amekufa. Wakaja watu kuhakikisha: Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro na Wadih el-Hage, majina ambayo miaka miwili baadaye dunia nzima ingeyasikia kwa ajili ya mlipuko wa Nairobi. Walikuja hapa ziwani kuulizia maiti, wakati akina mama wa Kihaya na wazee wa Kisukuma nao wanaulizia maiti zao. Nani angewashuku? Mwanza yote ilikuwa inatafuta mtu.

Na ukuta waliogonga ndio tuliogonga wote. Majina yaliyoandikwa yalikuwa 443, ya daraja la kwanza na la pili, kwenye meli iliyoruhusiwa kubeba watu 430. Daraja la tatu halikuandikwa kabisa. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, wengine wakazikwa kwa pamoja kule Igoma, na mpaka leo tunasema "zaidi ya 800" kwa sababu hesabu kamili haipo. Ina maana mtu mkubwa kiasi hicho katika ugaidi alipanda meli ya umma, akafa, na serikali haikujua kwamba alikuwemo wala kwamba hayupo tena.

Nayaandika haya kwa sababu kazi yangu ni orodha. Nina gesti Kirumba, ukishuka kuelekea Mwaloni kwenye soko la dagaa. Haina makuu: vyumba vya kawaida, vichache self, feni, neti, ndala za plastiki, kipande cha sabuni. Wageni wangu ni wafanyabiashara wa dagaa, madereva wa malori, ndugu wa wagonjwa waliolazwa Bugando, na watu wa Ukerewe waliochelewa meli ya Nansio. Na wale wanaochukua chumba kwa saa mbili tu, ambao mnawajua. Mapokezi kuna kitabu kikubwa cha jalada gumu, kimechorwa mistari kwa rula: tarehe, jina kamili, kabila, kazi, anatoka, anakwenda, namba ya kitambulisho, chumba, saini. Polisi wanakisoma, uhamiaji wanakisoma, watu wa halmashauri wanakisoma kwa ajili ya ushuru wao.

Kitabu chenyewe ni burudani. Kwenye safu ya kazi kila mtu ni mfanyabiashara. Wale wa saa mbili wote wanaitwa John na wote wanatoka Shinyanga. Kijana mmoja kwenye kabila aliandika Yanga. Mzee mmoja wa Ukara, mwandiko wake mzuri kama wa shule za zamani, alijaza kila safu mpaka jina la chifu wa babu yake, nafasi ikaisha akaendelea pembeni. Ukitaka kujua taifa linajilinda vipi, usianzie kwenye gwaride la makomandoo. Njoo uone safu ya "anakwenda" inavyojazwa saa tano usiku na mtu aliyechoka, mbele ya dada wa mapokezi aliyechoka zaidi yake.

Ijumaa ya 7 Agosti 1998, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, magari mawili yalilipuka kwa kufuatana, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakaumia. Dar walikufa 11 na 85 wakajeruhiwa. Dar kulikuwa na gari la kubeba maji lililosimama kati ya bomu na jengo, likapokea sehemu kubwa ya kishindo. Nairobi ubalozi ulikuwa kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, katikati ya watu, na balozi wao Prudence Bushnell alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake Washington kwamba jengo liko karibu mno na barabara. Kabla ya mlipuko zilisikika risasi na guruneti getini. Watu wa maofisi ya jirani wakakimbilia madirishani kuchungulia kuna nini, na vioo vikawakuta hapo hapo, ndiyo maana wengi waliumia macho. Kila mfanyakazi ninayemwajiri namwambia: ukisikia kishindo, dirishani usiende. Wanacheka. Wacheke, ilimradi wakumbuke.

Marekani ilijifunza kwa namna ya mwenye fedha. Tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe ikatoa ripoti Januari 1999, na mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria kwamba ubalozi mpya ukae angalau futi 100 kutoka ukingo wa eneo lake, yaani kama mita 30. Ubalozi mpya wa Dar ulifunguliwa mwaka 2003 kule Msasani, na ukipita unaona wenyewe jinsi jengo lilivyokaa mbali na barabara. Ni busara, silaumu. Ila mita 30 kutoka barabarani hapa Kirumba ni kwa jirani wa tatu, tena umeshavuka choo chake. Kinga ya zege haiwezi kuwa ya kila mtu. Ubalozi ukishajikinga hivyo, anayetaka kuua anahamia sehemu isiyo na ukuta, na hilo tumeliona: Kampala Julai 2010 walipigwa watu waliokaa kuangalia fainali ya Kombe la Dunia, wakafa zaidi ya 70. Usiku ule hata huku upande wetu wa ziwa mabaa yalijaa watu wanaangalia mpira ule ule.

Lakini mimi katika habari ya 1998 huwa sisomi habari ya bomu, nasoma habari ya manunuzi. Bomu la Dar lilitengenezwa kwenye nyumba ya kupanga, Ilala, mtaani, katikati ya watu. Kuna mtu aliipokea kodi. Lori lilinunuliwa, Nissan Atlas la mtumba lenye jokofu. Kuna mtu aliliuza akahesabu hela yake. Mitungi ya gesi ilinunuliwa madukani. Kuna mtu aliiandikia risiti, au hakuiandikia. Kule pwani ya Kenya mwenzao Mohamed Odeh aliendesha biashara ya samaki kama mvuvi yeyote. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopita mezani kwa jenerali. Vyote vilipita kwa watu wa aina yangu.

Na walivyokamatwa ni hivyo hivyo. Odeh aliondoka Nairobi usiku wa kuamkia siku ya mlipuko, akatua Karachi, na pale uwanjani ofisa mmoja akaona sura haifanani na picha ya pasipoti. Hakuwa na kompyuta ya ajabu, alikuwa na macho. Mohamed al-Owhali, aliyekuwa ndani ya lile gari la Nairobi akaruka kabla halijalipuka, alitibiwa hospitali kama majeruhi wengine, na siku tano baadaye akakamatwa kwenye gesti, Eastleigh, baada ya polisi kupata fununu. Gesti! Mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilikiangalia kitabu changu kwa heshima ambayo sikuwahi kukipa.

Baada ya hapo zikaja sheria. Baada ya Septemba 2001, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio namba 1373, likizitaka nchi zote zitangaze kuwa ugaidi na kuuchangia fedha ni makosa ya jinai. Sisi tukapata Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Pamoja na mengine, kumficha mtu wa namna hiyo ni kosa, na kukaa na taarifa bila kuitoa nako kuna hatari yake, jambo ambalo wenye nyumba za wageni wachache sana wanalifahamu. Mwaka 2006 ikaja sheria ya fedha haramu, ndiyo maana benki wanakuuliza hela umeitoa wapi hata kama umeuza ng'ombe wa urithi. Kikaja kitambulisho cha NIDA na namba yake ya tarakimu 20. Halafu laini za simu kwa alama za vidole. Januari 2020 zikaanza kuzimwa ambazo hazijasajiliwa, na mnazikumbuka zile foleni. Vidole vya wakulima na wavuvi mashine inavikataa, vimesuguliwa na jembe na nyavu mpaka mistari imefutika. Mama mmoja muuza dagaa aliambiwa apake mafuta arudi kesho. Alikuwa mteja wangu. Kwa sababu ya kidole alilala kwangu usiku mmoja zaidi.

Sizibezi hatua hizo. Zamani mtu angeweza kutumia laini kumi za majina ya kubuni, leo inamwia vigumu. Ila kuwa na mfumo na kuutumia ni vitu viwili. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, miaka 22 baada ya MV Bukoba, kivuko cha kubeba watu 101, walikufa watu 228. Idadi ya waliopanda haikujulikana, kwa sababu mkatisha tiketi alizama na mashine yake ikazama naye. Ile haikuwa habari ya ugaidi, wala sitaki mtu aichanganye. Lakini nchi isiyoweza kusema nani amepanda kivuko haiwezi kusema nani amevuka mpaka, na ziwa hili lina nchi tatu.

Sasa niwaambie jinsi kazi hii inavyokuwa ukiwa ndani yake.

Kuna mgeni alifika jioni na mifuko mitatu ya sandarusi iliyoshonwa kwa kamba ya nailoni. Akajaza kitabu vizuri, namba ya NIDA akaisoma kichwani bila kukosea, akalipia siku kadhaa kwa mkupuo. Hakutaka chumba kifagiliwe. Chakula anapelekewa mlangoni, mlango anaufungua nusu, mkono unatoka, sahani inaingia. Usiku anaamka, unasikia kitanda kinasogezwa. Dada wa mapokezi akaja kwangu, "Mama, yule wa namba saba simwelewi." Nikamuuliza hamwelewi nini. Akasema harufu. Harufu gani? "Kama samaki, lakini siyo samaki."

Kwa sheria ya vitabuni ningepiga simu polisi. Nilimpigia mwenyekiti wa mtaa, mzee ninayemfahamu tangu akiwa anauza mkaa. Akaja na kanzu yake, akabisha hodi, akajitambulisha, akakaa kitandani na yule kijana wakaongea Kijita zaidi ya nusu saa. Ilikuwa mabondo. Kwa msiojua, bondo ni kile kibofu cha hewa cha sangara. Kinakaushwa, kinasafirishwa Uchina, na bei yake kwa kilo ukiisikia unaweza kumwacha sangara mwenyewe ufukweni. Kijana alikuwa amebeba mali ya watu wanne wa kisiwa kimoja, anamsubiri mnunuzi, na alikuwa anaogopa kuibiwa. Alikuwa anaisogeza mifuko chini ya kitanda usiku kwa sababu ya panya. Tulimpa chumba chenye sakafu ya vigae na kufuli la pili.

Nimekisimulia kisa hiki kwa watu wawili watatu wenye gesti, na mmoja akaniambia nilicheza na hatari, ningeita difenda ya polisi. Labda. Lakini najua kilichotokea kwa jirani aliyeita. Hiyo ilikuwa 2016, baada ya yale mauaji ya Mkolani, mwezi Mei, watu watatu walipouawa usiku ndani ya msikiti hapa hapa Mwanza. Jiji lilishtuka, likawa halilali, kila mwenye begi anatazamwa. Jirani yangu akamtilia shaka mgeni, akatoa taarifa kama raia mwema. Polisi walikuja. Mgeni akachukuliwa, akarudishwa baada ya siku mbili, hana kosa. Ila jirani naye alichukuliwa maelezo, kitabu chake kikakutwa kina majina hayana namba za vitambulisho, na ili yaishe akatoa kitu kidogo. Halafu wakarudi. Wakawa wanarudi. Sitaji kituo wala mtu, na wengine kwenye jeshi hilo ni watu safi ninaowaheshimu. Nasema tu kwamba tangu hapo jirani yangu haoni kitu, hasikii kitu, na wageni wake wote ni wafanyabiashara kutoka Shinyanga.

Hapo ndipo ninapoona kinga ya nchi inavuja. Sheria ilimtaka atoe taarifa, akatoa, akaadhibiwa kwa kutoa. Ukimfanyia mtu mmoja hivyo, mtaa mzima umejifunza.

Wakenya wamelipia somo hili kwa damu nyingi kuliko sisi. Septemba 2013 watu wanne wenye silaha waliingia Westgate, jengo la maduka Nairobi, wakaua watu 67, na mzingiro ukachukua siku nne. Kikosi cha polisi na jeshi walikuwa ndani ya jengo moja bila amri moja, wakafyatuliana risasi wao kwa wao na ofisa wa polisi akafa. Serikali yao ikaja na Nyumba Kumi, na sisi tukatabasamu, maana walikuwa wameichukua kwetu; balozi wa nyumba kumi tumekuwa naye tangu enzi za TANU. Ila ukikopa kitu cha jirani lazima ukope na matumizi yake. Kwetu balozi alikuwa anakujua kabla hajakushuku. Anakusainia barua ya shule ya mtoto, anakaa kwenye msiba wako, anasuluhisha ugomvi wa mipaka, na katika hayo yote ndiyo anajua nani mgeni. Ukimpa mtu kazi ya kushuku peke yake, bila hayo mengine, utapata mmbea aliyepewa muhuri. Hata kwetu balozi huyo siku hizi amebaki wa chama zaidi kuliko wa mtaa, tusijisifu sana.

Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148, wengi mno wanafunzi. Wavamizi waliingia alfajiri, na kikosi maalumu cha polisi kutoka Nairobi kikafika mchana, baada ya saa nyingi za watoto kuuawa. Kilipofika kazi haikuchukua muda. Ina maana ujuzi ulikuwepo, usafiri ndio haukuwepo. Lakini Januari 2019 walipovamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, tofauti ilionekana kwa macho: vikosi vilifika mapema, mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai, na kabla ya saa 24 kuisha limekwisha. Walikufa watu 21, na kila mmoja ana mama yake, sisemi ni wachache. Nasema kati ya Westgate na DusitD2 kuna watu walikaa chini wakakubali kwamba walikosea, wakaamua nani anatoa amri. Hilo ni gumu kuliko kununua vifaru.

Katikati ya safari hiyo walijaribu na mkato. Mwishoni mwa 2014 Bunge lao lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama kwa vurugu, maji yakamwagwa, mashati yakachanika, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane kwa kukiuka katiba. Sikuona magaidi wakishangilia hukumu hiyo.

Kwetu mahakama ilichelewa zaidi. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu kwa mashtaka ya ugaidi miaka na miaka, na Juni 2021 mashtaka yakafutwa bila kesi kusikilizwa mpaka mwisho. Mwezi uliofuata, Julai 2021, Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alikamatwa usiku hotelini, hapa Mwanza, alipokuja kwa ajili ya kongamano la katiba. Akafunguliwa mashtaka yenye jina la ugaidi. Machi 2022 mwendesha mashtaka akasema hana nia ya kuendelea, na mzee akarudi nyumbani. Sina kadi ya chama chochote, na mwenye gesti mwenye akili hawi nayo. Lakini wiki ile ya Julai wageni wangu walianza kuniuliza kitabu kinapelekwa wapi. Watu waliokuwa wakitoa NIDA bila neno wakaanza kuisahau nyumbani. Neno "ugaidi" likishatumika kwa mtu aliyekuja kwenye kongamano, siku nitakapolitumia mimi kwa mtu mwenye mitungi ya gesi na nyumba ya kupanga, nani atanisikiliza haraka?

Na kuna upande mwingine ambao watu wa haki hawapendi kuutaja, kwa hiyo nautaja. Kibiti, Mkuranga na Rufiji, kati ya 2015 na 2017, waliopigwa risasi pamoja na askari walikuwa viongozi wa vijiji na vitongoji. Waliuawa mmoja mmoja, mlangoni, jioni. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa mara moja. Serikali ikaanzisha kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, na mauaji yakaja kukoma. Kwa nini viongozi wa vijiji? Kwa sababu wao ndio wanaojua nani mgeni. Muuaji alielewa thamani ya mwenye daftari kuliko bajeti zetu zinavyoielewa. Mwenyekiti wa mtaa wangu analipwa posho ambayo hata vocha inaisha nayo, hana ofisi, muhuri anautembeza mfukoni. Yule ndiye ngome ya kwanza. Kila nikisikia vifaa vipya vimepokelewa bandarini au uwanja wa ndege, na ni vizuri vipokelewe, nakumbuka ule muhuri wa mfukoni.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, amesoma kompyuta, alinitaka niachane na kitabu nitumie simu: mgeni anapigwa picha kitambulisho, inaenda kwenye programu, basi. Nikamuuliza inakaa wapi. Akasema kwenye wingu. Nikamwambia hata MV Bukoba orodha yake ilikuwa mahali, shida ilikuwa nani ameandikwa. Hakunielewa, au alinielewa akaamua kunyamaza, ni mtoto mwenye adabu.

Lakini alinifungua macho kwa jambo jingine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kwa sheria hiyo mimi mwenye gesti ya feni na ndala ni mkusanyaji wa taarifa za watu. Nina majina yao, makabila yao, namba zao za tarakimu 20, siku waliyolala, na kwa wale akina John, mambo ambayo yanaweza kuvunja ndoa nusu ya Ilemela. Na vitabu vya zamani vinaenda wapi? Nenda stendi ya Nyegezi kanunue karanga. Mimi niliwahi kufungiwa karanga kwenye ukurasa wa kitabu cha wageni cha gesti ya mtu, tarehe, jina, kabila, chumba namba nne, na chumvi juu yake. Tunamtaka raia atupe namba yake kwa ajili ya usalama wa taifa, halafu namba hiyo inauzwa na karanga za mia mbili.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili bila kungoja mtu. Safu ya kabila nimeifuta kwenye kitabu kipya. Haijawahi kumkamata mtu, na inawaudhi wageni. Na vitabu vilivyojaa nimevifungia stoo. Afande aliyekuja mwezi uliopita kukagua nilimuuliza nivitunze muda gani, na vikiisha muda nichome au nimpelekee nani. Ni kijana mstaarabu, akakaa, akanywa soda yake akalipa. Akasema, "Mama, hilo swali hatujawahi kuulizwa." Akaandika kwenye daftari lake na kuniahidi kuniletea jibu la maandishi. Wenzangu wenye gesti, nanyi mkiulizwa au mkijibiwa, niandikieni hapa chini, tupange kwenda kwa mkuu wa wilaya tukiwa wengi.